Ajenda Namba Sita

Mimi huandika muhtasari. Miaka ishirini na miwili
nimekaa pembeni mwa meza yao,
si mjumbe, si mgeni, sina kura,
nina kalamu tu, na sikio.
Nje, mto umeganda. Moshi wa kiwanda
unapanda wima kama uzi uliovutwa,
kipimajoto kinasoma ishirini na saba chini ya sifuri.
Ndani wamevua makoti, wamebaki na vyeo.

Nimejifunza lugha yao, na namna ya kuifupisha.
Wakigombana: "Wajumbe walijadiliana kwa kina."
Wakisinzia: "Taarifa ilipokelewa."
Mwenyekiti, Aulis Vanhatalo, akipiga meza ngumi:
"Mwenyekiti alitoa msisitizo."
Ndivyo karatasi ilivyo, hata hii tunayoitengeneza sisi:
huingia mti mzima, na magome, na viota,
hutoka kitu cheupe, laini, kisicho na fundo.

Siku hiyo ajenda namba sita ilikuwa msitu.
Hekta elfu tatu kaskazini, zinunuliwe kabla ya Machi.
Majedwali kurasa arobaini, yamefika jana yake usiku.
Mkurugenzi mtendaji aliyasoma haraka
kama mtu anayevuka barafu asiyoiamini.
"Kuna swali?" Aulis akauliza,
huku kidole chake kikifunua namba saba.

Tellervo Kuusniemi akavua miwani.
Ana miezi minne tu bodini;
zamani alikuwa mkaguzi wa boila za mvuke,
alizoea kugonga chuma kwa nyundo ndogo
akasikiliza kama kuna ufa.
"Msitu huu," akasema, "ni wa nani?"

Hakupaza sauti. Aligonga tu.

Kila mtu mezani alijua. Mimi nilijua.
Hata madereva wa malori ya magogo walijua
kwamba muuzaji amemwoa dada yake Aulis.
Raimo akahesabu vijiko.
Bengt Åkerfelt, profesa wa fedha, akaichunguza kalamu yake
kana kwamba ameletewa kesi ya mauaji.
Bomba la joto likakohoa ukutani.
Kimya kingi kina mshindo, husemwa. Hiki hakikuwa nao.
Kilikuwa na kahawa inayopoa.

Mkono uliandika kabla sijaupa ruhusa:
"Mjumbe Kuusniemi aliuliza msitu ni wa nani.
Wajumbe walikaa kimya kwa dakika nne."

Jioni Aulis akanipigia simu. Hakufoka.
Aliuliza hali ya mama na nyonga yake,
kisha: "Ilpo, ile sentensi. Kimya si azimio.
Hakina mtoa hoja, hakina wa kumuunga mkono. Kifute."
Nikasema nitaiangalia. Nikaiangalia usiku kucha.
Pensheni ya mama imo ndani ya hisa zile,
pamoja na za wajane wa mtambo namba mbili,
watu wasioalikwa mezani,
ambao kwa niaba yao biskuti huliwa.

Februari wakakutana tena. Ajenda namba mbili:
kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.
Ukurasa wa tano, aya ya tatu. Sikuwa nimefuta.
"Kuna marekebisho?" Aulis hakunitazama.

Tellervo akainua mkono.
"Lipo moja dogo. Zilikuwa dakika tano."

Bengt akacheka bila kukusudia,
kama mtu aliyepiga chafya kanisani.
Kisha Raimo, polepole: "Tano. Nami nilihesabu."

Aulis akasimama. Akachukua koti lake,
akaenda kukaa kwenye benchi la korido
kama kanuni ya kumi na moja ilivyomtaka tangu mwanzo.
Mlangoni akageuka:
"Ilpo, andika saa."

Nikaandika: saa nne kasoro dakika kumi, mwenyekiti alitoka.
Hata leo sijui alikuwa ananiamuru
au ananishukuru.
Hilo sikuliandika.